Pacha Asiyelia

Hakuwa na meza. Hakuwa na kompyuta, hakuwa na shahada, wala ndugu aliyewahi kuandika kitu kirefu kuliko barua ya kuomba karo. Lakini lililomuuma Beverlyne Ayuma kuliko yote ni kwamba hakuwa na ruhusa ya kumlilia pacha wake.

Saa mbili asubuhi, katika soko la Kakamega, Ayuma anashona kola ya sare ya shule. Ana miaka ishirini na sita. Simu yenye kioo kilichopasuka imeegemea cherehani. Mteja akiondoka, anaandika humo sentensi mbili tatu za riwaya yake.

“Huyu akinyamaza hivi, jueni kuna mtu anakufa kwa kitabu,” anatania Masinde, fundi jirani yake.

“Endelea kunisumbua, utakufa wewe ukurasa wa kwanza,” anajibu Ayuma bila kuinua macho.

Riwaya hiyo ya vijana ndiyo yake ya kwanza. Inamhusu msichana aliyefiwa na pacha, kama alivyofiwa yeye. Ndugu yake Cornelius alikufa kwa malaria wakiwa na miaka kumi na mmoja, kijijini karibu na Buyangu. Katika ukoo wao, pacha aliyebaki halii matangani. Inaaminika akilia atamfuata mwenzake.

Basi wengine walipoomboleza, Ayuma aliketishwa jikoni, akapewa mahindi apukuchue.

“Nilimaliza gunia lote. Nikashusha na yale ya mbegu yaliyoning'inia juu ya moshi, nikayachanganya na ya kula,” anasema. “Hakuna aliyenigombeza. Mwaka huo tulipanda mchanganyiko huo, shamba likaota ovyo, mengine marefu, mengine mafupi, kwingine mapengo.”

Riwaya inaishia katika shamba hilo. Msichana anapalilia. Halii.

Kampuni tatu za uchapishaji ziliikataa. Ya nne, ya Nairobi, imemtumia mkataba na ahadi ya shilingi elfu arobaini, ila kwa sharti moja: msichana alie kaburini, la sivyo waachane.

Jumapili Ayuma alimpelekea mama yake, Jescah, habari hiyo. Walikuwa wakichambua mboga.

“Huyo wa Nairobi alikuwa matanga yetu?” mama aliuliza.

“Hapana, mama. Anasema wasomaji hawataamini.”

“Usimlize mtoto. Lakini kwa hicho kitabu, mama yake yuko wapi?”

“Anapikia wageni.”

“Basi hujui. Mimi nilikuwanga naenda choo, nalia, nanawa uso, narudi kwa sufuria. Ungeniona, ungelia na wewe. Andika hiyo.”

Kwa miaka kumi na mitano Ayuma alikuwa ameamini kwamba mama yake hakulia.

Aliongeza ukurasa mmoja tu. Msichana anapalilia, anamsikia mama akilia nyuma ya mabati ya choo, naye anaendelea kulima polepole ili jembe lisipige kelele.

Leo mchana yuko posta. Ametia sahihi mkataba. Barua yake ni fupi: msichana halii, anayelia ni mama, wasiporidhika, wamrudishie riwaya yake.

“Na wakikataa?” anauliza Masinde, aliyemsindikiza.

“Sare zipo. Nitatafuta mchapishaji wa tano. Lakini kitabu kikitoka, nakala ya kwanza namsomea mama mwenyewe, mpaka mwisho.”

Analowesha gundi ya bahasha kwa ulimi, anaibana kwa kidole gumba kutoka kona hadi kona, kama anavyobana pindo kabla ya kulishona. Kisha anaisukuma chini ya kioo cha kaunta, na karani anaigonga muhuri.