Korongo la Shangazi

Wapo watu hapa Karatu wanaomsifia mpaka leo yule mzungu wa udongo, profesa aliyekuja kuchunguza mmomonyoko. Eti alikuwa mnyenyekevu, alikula ugali wetu, alitembea kwa miguu kutoka Nainokanoka mpaka Mang'ola. Sawa, alitembea. Mfuko wa mawe yake nilibeba mimi, mwalimu wa shule ya msingi niliyeazimwa kuwa mkalimani wake likizo moja ya miaka ile ya sabini.

Alikuwa na madaftari mawili, moja la ardhi, moja la hadithi za wazee. Tulipofika kwa shangazi yangu, aliuliza korongo linalokula shamba lake lilianzaje. Shangazi, kama Wairaqw wengi wa umri wake, hakuwa mtu wa kuishtaki serikali mbele ya mgeni. Akasema mwenye maji, yule pepo anayekaa chemchemini, alifukuzwa njiani kwake siku barabara ilipochongwa, na sasa anapita shambani. Huku anasema, fimbo yake inaonyesha kalvati la barabara lililokuwa likimwaga maji yote kwake. Hata mtoto angeelewa.

Nikatafsiri neno kwa neno. Profesa akafurahi kweli kweli, akaandika yote kwenye daftari la hadithi, na kalvati hakuligeukia. Nilitaka kumwambia, nikaona haya. Mimi nani nimfundishe profesa?

Mwaka uliofuata ripoti yake ikafika ofisi ya kata, nikaitwa kuisoma mkutanoni kwa Kiswahili. Korongo lile limesababishwa na mbuzi. Mbuzi! Shangazi alikuwa mjane mwenye mbuzi tisa, na hao ndio waliokuwa wakimlisha. Akapewa siku saba awe amewauza. Nilikasirika, lakini nikasoma mpaka mwisho.

Masika yakaja, mbuzi hakuna hata mmoja, na korongo likabeba jiko lake. Nikaenda kumsaidia kuokota vyungu kwenye tope, huku namtukana yule profesa: msomi gani yule, macho yale ya kazi gani. Shangazi akaniacha nimalize.

"Yeye lugha yetu haijui," akasema. "Wewe ulielewa nilichokuwa nasema?"

"Nilielewa, shangazi."

"Ukamwambia?"

Nikafuta tope kwenye chungu. Akakichukua chungu nilichokuwa nimeshika.

"Nenda nyumbani, mwalimu," akasema, yeye aliyeniita mwanangu tangu nizaliwe.