Mama Geofrey Anunua Mpira

Tangu Geofrey ahamie Kihonda, upande wa pili wa mji wa Morogoro, mama yake alikuwa na mtoto wa Jumapili. Wala si Jumapili nzima, msije mkadhani. Nusu Jumapili, na nusu yenyewe ya kuibia. Kijana alifika nyumbani Bigwa baada ya misa ya pili, akatoa shikamoo mlangoni, akala wali wake jicho moja likiwa kwenye simu, na ikikaribia saa tisa tayari anavaa viatu.

"Unakwenda wapi na chai haijachemka?"

"Mpira, mama. Unaanza saa kumi."

Mama yake, Anastasia, alilisikia neno hilo kwa miaka miwili mpaka akalichukia kama jina la mke mwenza. Mumewe Eustace alikwishafariki, binti yake Joyce kaolewa Mwanza na huonekana Krismasi ikipenda. Aliyebaki ni Geofrey, na Geofrey naye kachukuliwa na mpira. Ingekuwa pombe angejua pa kuanzia. Ingekuwa mwanamke angemwita wakakaa wakaongea. Sasa mpira unaukalisha wapi ukauuliza unamtakia nini mwanao?

Siku za kazi hakuwa na nafasi ya kuwaza hayo. Alikuwa sokoni kabla jua halijachomoza, kupokea mizigo ya karoti na njegere inayoteremka kutoka Mgeta, kwao alikozaliwa. Huko sokoni Mama Geofrey ana mdomo, kila mtu atakwambia. Atakutania kuhusu kofia yako, atakusifia mke wako, na utaondoka na kabichi uliyokuwa huihitaji. Lakini jioni akifika nyumbani na kufunga mlango, ule mdomo ulikosa kazi. Alikuwa anakula amesimama, jikoni, maana kukaa mezani peke yake kulimkera.

Kikoba chao cha akiba kilipovunjwa mwisho wa mwaka na kila mmoja kupewa fedha zake, wenzake walinunua mabati na majokofu. Yeye alikata shauri lake kimya kimya. Mpira utaletwa nyumbani. Mpira ukishakuwa Bigwa, Geofrey mwenyewe ataufuata, na akiufuata atakaa mpaka jioni. Hakumwambia mtu, hata jirani yake Shakila, ambaye ukimwambia jambo mchana basi kufikia magharibi unasimuliwa wewe mwenyewe.

Duka alilokwenda lilikuwa mtaa wa pili kutoka sokoni. Televisheni zilijaa ukutani kuanzia chini hadi darini, zote zinaonyesha samaki wale wale wakiogelea. Kijana wa duka, Salum, alimwamkia vizuri.

"Marahaba, mwanangu. Nataka televisheni yenye mpira."

Mwingine angecheka. Salum hakucheka, na kwa hilo Mungu amzidishie. "Mama, televisheni yenyewe haina mpira," alisema. "Televisheni ni sufuria. Mboga iko kwenye king'amuzi. Sasa niambie, mpira upi? Maana ligi ya nyumbani ina king'amuzi chake, hiki hapa. Ya Ulaya ina chake, kile pale. Ukichukua hiki, kile hukipati."

Anastasia akaduwaa. Siku zote alidhani mpira ni mmoja, kama mvua. Angeweza kumpigia Geofrey amuulize, lakini jambo lingeharibika kabla halijaanza. Akasimama pale ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, wateja wengine wanampita, na akaona aibu ya mama asiyejua mwanawe anapenda nini. Halafu akakumbuka nguo. Kijana alikuwa ameishi kwake miaka ishirini na sita, na nguo zake zote zilipita mikononi mwake.

"Ana jezi mbili," alisema. "Moja ya njano na kijani. Nyingine nyekundu, ina maandishi ya Kizungu kifuani."

"Ya njano na kijani ni Yanga, mama. Nyekundu hiyo itakuwa ya Ulaya. Anapenda ipi zaidi?"

"Ya njano nimeishona kola mara mbili, na kwapani imetoboka. Ile nyekundu bado mpya."

"Basi tumemaliza," alisema Salum, akashusha king'amuzi cha ligi ya nyumbani. "Na televisheni? Sebule yako ina ukubwa gani?"

"Usiniulize sebule, niulize watu. Nataka wanaume wanne waone bila kusukumana."

Maana alikwishawahesabu na rafiki zake. Geofrey akija na wenzake watatu atakaa zaidi, na yeye atapika pilau, na nyumba itanuka jasho na bizari, na watampigia kelele hadi kichwa kimuume. Alikutamani hata huko kuumwa kichwa. Salum akamchagulia ya inchi arobaini na tatu. Alipotaka kumuuzia na antena, akauliza anakaa wapi. Kusikia Bigwa, kule juu, akairudisha rafuni. Mlima ungezuia mawimbi yote. Huko ni dishi tu.

Jumamosi Salum alipanda kwenye bati la nyumba, akawa anazungusha dishi na kupiga kelele, "Imekuja?" na Anastasia yuko sebuleni anajibu, "Bado! Imekuja! Ah, imeondoka!" Mpaka picha inatulia, Shakila alikuwa amekwishafika na kiti chake mwenyewe.

Kesho yake Geofrey alipoingia alisahau hata shikamoo.

"Mama! Hii ya nani?"

"Ya kwetu. Kaa."

Na akakaa, jamani. Alikaa! Anastasia alipakua pilau, akavuta kiti karibu na kochi la mwanawe, na mpira ukaanza. Kwa muda wa robo saa alikuwa mwanamke mwenye bahati kuliko wote Morogoro. Hakuelewa kitu, kwa hiyo akauliza. Yule mwenye nguo nyeusi yuko timu gani? Kwa nini wamepiga filimbi na hakuna aliyeanguka? Mwanzoni Geofrey alimweleza yote, hata kuotea alimweleza kwa kupanga vijiko juu ya meza. Lakini simu ilikuwa inatetemeka pajani mwake. Akaanza kujibu kwa neno moja, halafu kwa kichwa. Kila mpira ulipokaribia goli alikuwa anacheka, na mama yake akitazama anaona hachekei televisheni, anachekea simu. Wenzake walikuwa wanamtumia maneno kutoka grosari ya Pazi, kule Kihonda, walikozoea kunywa na kutazama mpira.

Ulipofika wakati wa mapumziko alisimama, akajinyoosha.

"Mama, ngoja nichukue bodaboda nifike mara moja kwa Pazi. Nitarudi."

"Si uwaambie waje huku? Pilau ipo."

Geofrey alimtazama, na hakuwa na ubaya wowote usoni. Ni mtoto mzuri yule, hilo lazima lisemwe. "Mpira hautazamwi hivi, mama," alisema. "Pale tunabishana, tunatukanana, mtu wa Simba, watani wetu, anakaa mbele yako makusudi akukere. Hapa kwako wataona haya. Watakaa kama wako kanisani."

Akaondoka. Anastasia akakaa na sufuria ya pilau ya watu wanne, mbele ya kioo cha watu wanne. Iliuma, na sitaizungusha kwa maneno mengine: iliuma kuliko siku ile Geofrey alipohama na godoro lake, maana siku ile yeye mama aliweza kusingizia kazi, kwamba kiwanda cha kukoboa mpunga alikoajiriwa mwanawe kiko Kihonda na nauli ni mzigo. Sasa hapakuwa na cha kusingizia. Alikuwa ameleta nyumbani kila kitu ambacho mwanawe anakipenda, na mwanawe bado hakukaa.

Kwa hasira akaangalia kipindi cha pili chote, kama mtu anayemkodolea macho adui yake.

Jumapili iliyofuata akaangalia tena, baada ya Geofrey kula na kuondoka. Na Jumatano pia, kumbe kuna mpira hata Jumatano. Kifurushi cha king'amuzi kilipoisha akalipia kingine, akijiambia ni kwa ajili ya taarifa ya habari. Shakila alikuja kuomba awekewe tamthilia ya Kituruki, akaambiwa arudi mpira ukiisha, akanuna wiki nzima. Majina ya wachezaji hayakumkaa kichwani, yalikuwa mengi na mengine ya ugenini, kwa hiyo akawapa yake mwenyewe kwa tabia zao, kama alivyozoea kuwapa wateja sokoni. Kulikuwa na Soksi Chini. Kulikuwa na Bwana Harusi, winga aliyejipitishia mkono kichwani kila baada ya kukimbia. Beki mmoja mpana, asiyekuwa na haraka na jambo lolote duniani, alimwita Baba Paroko. Akajua nani akikasirika anapiga mpira nje, na nani huchechemea kwa uongo. Akawa anawasema peke yake sebuleni, "Toa mpira, Bwana Harusi, toa, huoni mwenzio yuko wazi?" Halafu anageuka upande wa kochi, kwa mazoea tu ya mtu anayetaka kuungwa mkono, na kochi liko pale pale na vitambaa vyake.

Siku moja alimwambia Geofrey, "Jana yule wenu mpana kaokoa goli."

"Eeh, mama, umeona?" alisema Geofrey, akatabasamu, akaendelea kufunga kamba za viatu.

Ikaja Jumapili moja ya mwezi wa tano. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na milima yote imefunikwa. Geofrey hakufika hata kula. Alisema kwa simu kwamba barabara ni tope na mechi yenyewe ni kubwa, ubingwa uko hapo. Anastasia alichemsha mihogo, akakaa. Yanga walifungwa mapema, na katikati ya kipindi cha pili wakasawazisha. Alikuwa bado amesimama kwa furaha simu ilipolia.

"Mama, shikamoo. Una umeme?"

"Marahaba. Ninao. Kuna nini?"

"Huku umekatika! Mtaa mzima giza, na mtandao nao umelala. Ngapi ngapi?"

"Moja moja."

"Tumesawazisha? Nani kafunga?"

"Soksi Chini," alisema Anastasia, na hapohapo akataka ardhi ipasuke immeze. "Yule... yule mfupi, ambaye soksi zake hazipandi. Bwana Harusi kampa krosi, naye kaweka kichwa."

Kutoka upande wa pili kicheko kikubwa cha wanaume kikamjaa sikioni. Walikuwa wamewajua! Wote wawili, kwa majina hayohayo, bila kuelezwa.

"Mama, nakuweka kwenye spika," alisema Geofrey. "Usikate. Tutangazie."

"Shikamoo, mama!" sauti zikapishana huko. "Mama Geofrey, Pazi hapa. Mpira uko kwa nani?"

Jamani, mwanamke yule alitangaza. Alisimama katikati ya sebule, simu sikioni, mkono mwingine unaonyesha ukutani kana kwamba wanamwona, na mdomo wote wa sokoni ukamrudia. "Uko kwa Baba Paroko, anatembea nao, hana wasiwasi, sijui kalala au vipi. Katoa. Bwana Harusi anakimbia, anakimbia, ah! Kachezewa rafu, mwamuzi kajifanya hamnazo!" Huko wakamtukana mwamuzi wote kwa pamoja. Mtu wa Simba akasema rafu gani, bibi huyu ana upendeleo, na Anastasia akamjibu hapohapo, "Wewe nyamaza, timu yako haipo hapa na bado unasumbua watu," na grosari nzima ikalipuka. Akamsikia Geofrey ndani ya kelele zile. Alikuwa anasema, "Huyo ndiye mama yangu! Mnamsikia?" Aliisema mara mbili.

Anastasia alikuwa anatangaza na huku moyoni anapanga. Filimbi ya mwisho ikilia atawaambia: Jumapili ijayo njooni wote, na mtu wa Simba aje, na mtukanane mtakavyo, mimi sioni haya. Alikuwa na hakika safari hii watakuja. Zilikuwa zimebaki dakika za nyongeza.

"Faulo yetu," alisema. "Karibu kabisa na goli. Wamesimama wawili kwenye mpira. Wapinzani wanapanga ukuta. Geofrey, unanisikia?"

"Tunakusikia, mama! Nani anapiga?"

"Subiri. Mmoja kaondoka. Kabaki Soksi Chini. Anarudi nyuma, hatua—"

"Umerudi!" mtu akapiga kelele huko. "Umeme umerudi! Washa, Pazi, washa!" Viti vikakokotwa, watu wakakimbilia mbele, na katikati ya vurugu hiyo sauti ya Geofrey, mbali na simu, ikasema, "Sogea, sogea, naona!" Kisha laini ikakatika.

"Anakuja," alisema Anastasia, kwa sauti ileile ya kutangazia watu. "Kapiga. Imeingia."

Akaendelea kuishika simu sikioni mpaka wachezaji walipomaliza kukumbatiana.