Kihispania cha Dirishani

Mzungu gani hajui Kizungu? Ndivyo watu walivyoulizana sista mpya alipofika kwenye zahanati ya misheni, huku kwetu njia ya Magunga, Uhuru ukiwa bado mbichi. Alitoka Uhispania. Kiingereza hajui, Kiswahili hajui, Kijaluo ndio kabisa. Mimi nilikuwa mpasua kuni pale, mtu mzima mwenye mke na watoto, na sikuwa na habari kwamba hata wazungu wana makabila.

Alinifundisha kwa lazima, maana bila mimi asingepata hata chai. Agua, maji. Leña, kuni. Ven, njoo. Nilipoyajua ya jikoni akaniingiza kwa wagonjwa. Duele, inauma. Barriga, tumbo. Sangre, damu. Sentensi sikuwa nayo hata moja. Nilikuwa natupa maneno moja moja, kama mtu anayerushia kuku mtama, naye anaokota. Wenzangu walinicheka, ati "profesa wa kuni!" Wacha wacheke. Kila mgonjwa aliyeingia ilibidi apitie mdomoni mwangu, nami nikajiona mtu.

Kisha wakamleta mama mkwe wangu, amelazwa kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanne wamembeba. Mke wangu alikuwa ameshanidokeza kwamba mamake anatokwa na damu ya kike isiyokoma tangu mavuno, na hataki ijulikane. Damu ya mama mkwe, yawa! Kwetu mimi na yeye hatuli pamoja, hatupeani mkono, akija njia hii mimi nakata ile. Chumba alicholala siingii, liwe liwalo.

Sista akatokea mlangoni. "Ven!" Nikashika mwimo. Nitamweleza kwa maneno gani? Nikasema, mamá, mi mujer, mamá, yaani mama, mke wangu, mama. Jamani, si akafurahi! Akaona kama ni mtu wa nyumbani basi ndio vizuri zaidi, akanivuta mkono. Nikajinasua, nikazunguka nyuma, nikasimama chini ya dirisha, mgongo ukutani. Mke wangu alikuwa ndani. Nikamwambia yeye amuulize mamake, anipe majibu, mimi nitampa sista.

Mama mkwe aliposikia sauti yangu akajikaza. "Mwambie ni tumbo tu," akamwambia bintiye. Sista akauliza tena na tena. Tumbo tu. Nilijua akipewa dawa ya tumbo anarudishwa nyumbani kufa. Kwa Kijaluo nisingeweza, ulimi ungenikatika. Nikakaza macho kwa ng'ombe waliokuwa malishoni, nikasema kwa nguvu, "Sangre. Mucha sangre. Abajo." Damu. Damu nyingi. Huko chini. Mama mkwe hakuelewa kitu, na kwa hilo nilimshukuru Mungu.

Sista akampima, akachukua muda mrefu. Alipokuja dirishani macho yake yalikuwa mekundu. "Tarde," akasema. "Muy tarde." Amechelewa, amechelewa sana. Nikanyoosha kidole upande wa Homa Bay, kwenye hospitali kubwa. Akatikisa kichwa.

Ndipo mama mkwe akaniita mwenyewe, yeye ambaye tangu nioe hakuwahi kunisemesha ila kupitia watu. "Mkwe wangu, huyo mwanamke amesema nini? Usinifiche."

Amevunja mwiko ili aniulize, mimi ni nani nimdanganye? Nikasema, "Mama, amesema umechelewa. Hana dawa."

"Asante," akasema. Wakambeba wakamrudisha kwake. Kuanzia siku ile alikataa uji, akageukia ukuta, hataki kuzungumza na yeyote. Sista alituma watu mara kadhaa wampelekee maziwa, yakarudi yalivyo. Haikuchukua muda tukamzika.

Matanga yalipokwisha mke wangu alinifuata nyuma ya nyumba. Hakuwa analia. Alisimama akaniangalia kama anayetafuta kitu usoni kwangu.

"Maneno yote hayo uliyojifunza," akasema, "ukakosa hata moja la kumdanganya mama yangu?"