Maji ya Kusuuzia

Mtaa mzima ulijua kwamba kinyozi haogopi wembe, anaogopa wingu. Wingu jeusi likichungulia juu ya mabati, alimwacha mteja na nusu ya kichwa, akakimbia nyumbani. Wateja walimcheka, kisha wakazoea. Walijua kuna mkewe.

Mapafu ya mkewe yalikuwa yamechoka. Alipumua kwa mashine ya oksijeni iliyosimama kando ya kitanda, ikikoroma kama paka aliyeshiba. Radi zikianza, majirani walichomoa runinga na friji, wakajikalia. Kinyozi naye alichomoa vyote, isipokuwa mashine ile, ndiyo aliyoiogopea. Mtungi wa oksijeni wa akiba ulikuwa mmoja, mdogo, usiomaliza hata saa.

Mashine ilipoletwa, mke aliitumia usiku tu. Fundi umeme aliitwa, akafunga kwenye soketi kifaa cha kuzuia umeme unaopanda ghafla, akazika nondo ya shaba nyuma ya nyumba na kuviunganisha kwa waya wa kijani. Aliwaeleza kwamba kifaa kile ni bawabu tu. Humtoa mgeni mkorofi, lakini mgeni lazima apate njia ya kutokea, na njia ni waya ule mpaka udongoni. Udongo ukikauka, njia imeziba. Basi pale pasikose unyevu. Kinyozi aliitikia kwa kichwa, akasahau.

Mkewe hakusahau. Alifua ameketi kigodani, akipumzika kila baada ya nguo mbili, na maji ya kusuuzia hakukubali yamwagwe popote ila kwenye nondo. Kinyozi aliona ni ukaidi wa mgonjwa, akamwachia. Baadaye hata kigoda kikamshinda. Nguo zikawa zinafuliwa kwa dada yake. Kiangazi nacho kikakaa, kikasahau kuondoka.

Hata asubuhi moja mke akauliza, "Nani anamwaga maji pale nyuma?"

Kinyozi hakuelewa. Alipoelezwa, alitoka mbio. Udongo ulikuwa umepasuka, na nondo ilicheza kwa kidole kama jino la mtoto. Akaanza kubeba ndoo. Maji yalizama kwenye nyufa bila hata kusema asante. Mama jirani alimtazama kutoka ng'ambo ya ua, akauliza, "Shemeji, chuma hicho kitazaa lini?" Kinyozi akacheka, maana kulia mbele ya shemeji ni aibu.

Alimpigia fundi. Fundi alikuwa na kazi mbali, angekuja mwisho wa wiki. Alimwambia aendelee kumwagilia, ila udongo uliokauka hadi ndani haulowi kwa siku moja. Na hata ukilowa vizuri, aliongeza kwa upole, kwa radi yeye haapi.

Alasiri ile ile wingu likaja.

Safari hii kinyozi alichomoa hata mashine, akamvalisha mkewe mpira wa mtungi. Kisha akakaa kitandani, mikono yake iliyozoea vichwa vya watu haina kichwa cha kushika. Radi zilizunguka mtaa kama mtu aliyepoteza nyumba. Mshale wa mtungi ukashuka, ukashuka tena. Mvua ikaanza, wala haikuonyesha dalili ya kuchoka.

"Chomeka," mkewe alisema.

"Bado kunanguruma."

"Na mimi bado napumua. Chomeka, kinyozi wangu, tusije tukakosa vyote viwili, mtungi na mashine."

Alitaka kumwomba msamaha kwa zile ndoo ambazo hakuzibeba kiangazi chote. Lakini kumwomba kungemlazimu mkewe ajibu, na kila neno lilikula pumzi. Akachomeka. Mashine ikaanza kukoroma. Vidole vyake vikabaki kwenye plagi, kana kwamba vingeweza kuuwahi umeme.

Nyuma ya nyumba mvua iliipiga nondo, ikimwaga maji mengi kuliko yote aliyowahi kumwaga mkewe. Kama yangefika chini kwa wakati, hakuna aliyejua.

Dirisha likawa jeupe kwa mwanga wa radi. Kinyozi akafumba macho, akasikiliza, si ngurumo mbinguni, bali pumzi kitandani.