Mjane Aliyekuja Kumuulizia Mama Mkwe

Niliwahi kumfungulia mlango mjane aliyekuja kugombana na mama mkwe wangu kwa sababu ya mume.

Mume mwenyewe alikuwa ameshakufa.

Na mama mkwe hakuwahi kumwona hata kwa mbali.

Ngoja niwaeleze vizuri, msije mkamfikiria vibaya mama wa watu.

Mama mkwe ni fundi cherehani. Anashonea sebuleni, karibu na dirisha, redio iko juu ya rundo la vitambaa. Ukitaka akununie, gusa mkasi wake. Ukitaka mkosane kabisa, gusa redio.

Alfajiri yote ilikuwa ya Amkeni. Ndivyo watu walivyomwita yule mtangazaji, maana kila siku alifungua kipindi kwa kupaza sauti: "Amkeni, kumekucha!"

Akiuliza, "Mmelalaje?" mama mkwe anamjibu.

"Salama, baba. Sijui wewe."

Kwa sauti kabisa! Mimi niko chumbani nimeuma mto nisisikike nikicheka.

Basi asubuhi moja redio ikasema Amkeni amefariki.

Cherehani ikanyamaza.

Nikatoka mbio. Nikamkuta amezika uso kwenye gauni la mteja, analia mpaka mabega yanaruka.

"Mama! Kuna nini?"

"Ametuacha."

"Nani ametuacha?"

"Amkeni!"

Jamani, nilishusha pumzi. Moyo ulishakimbilia kwa mume wangu.

"Mama, si yule wa kwenye redio?"

Akanitazama kama nimemtukana.

"Kwani wa kwenye redio hawafi?"

Nikafyata mkia.

Siku hiyo hakushona. Akajifunga kitambaa kichwani, akatoa kiti nje, akakaa. Majirani wakiona wanasogea, wanampa pole, na yeye anapokea! Wengine hata hawakuuliza nani kafa. Walikaa tu, wakalia kidogo, wakaenda zao.

Sasa tuna jirani, tunamwita Mama Mubashara, maana hana dogo, kila kitu anarusha mtandaoni. Akampiga mama mkwe picha, akaandika: "Machozi ya mfiwa. Pumzika, Amkeni."

Mfiwa gani? Hakufafanua.

Watu wakajifafanulia wenyewe. Kufika mchana, mama mkwe alikuwa mke mdogo wa siri.

Jioni mume wangu akarudi kutoka gereji, uso umevimba kwa hasira.

"Mafundi wenzangu wamenipa pole ya kufiwa na baba."

"Si baba alishafariki zamani?"

"Ndivyo nilivyowaambia! Mmoja akanijibu, eti yule alinilea tu, wa damu ni huyu. Eti nitazame masikio yangu!"

Nilishika ukuta. Bahati mbaya nikayatazama na masikio yenyewe.

Yeye hakucheka. Akamgeukia mama yake. "Mama, baba yangu hukumlilia hivi."



"Wakati ule ulikuwa unanitazama, mwanangu," mama mkwe akasema polepole. "Ningeanguka mimi, wewe ungeshika wapi?"

Mume wangu akakaa chini.

Kesho yake ndipo mlango ukagongwa.

Mama mmoja, nguo nyeusi, macho makavu, simu mkononi. Kwenye simu ile picha.

"Anaishi hapa huyu anayemlilia mume wangu?"

Nikatamani kusema amesafiri, lakini mama mkwe alishaitika kutoka ndani, "Nani huyo? Mpishe apite!"

Mgeni akaingia. Akakataa kiti.

"Mlijuana wapi na mume wangu?"

"Hapa hapa," mama mkwe akajibu. "Kwenye cherehani."

Nikasema leo tunauawa.

"Alikuwa anakuja hapa?"

"Kila alfajiri."

"Mama!" nikaruka. "Sema kwenye redio! Sema kwenye redio!"

Mama mkwe akaonyesha rundo la vitambaa. Yule mama akaitazama redio. Akamtazama mama mkwe, na ile miwani yake yenye mkono uliofungwa uzi. Hasira ikakosa pa kukaa. Na yeye akakaa.

"Nilidhani ni mwanamke," akasema.

"Na mimi ni mwanamke," mama mkwe akajibu, kidogo kaumia.

Mjane akacheka. Kisha akasema, "Dada, wewe ulimfaidi. Nyumbani alikuwa anarudi koo limechoka. Kwangu ni 'chumvi iko wapi' na 'zima taa'. Nikimwuliza kitu ananiambia ameshaongea vya kutosha leo. Na kipindi chake sikuwahi kukisikia, alfajiri mimi ni gogo. Tangu afe, watu wanalia barabarani, mimi machozi hayatoki. Najiuliza, hivi mimi nilimjua?"

Mama mkwe akavua miwani.

"Subiri. Kwa hiyo wewe ndiye wa miguu?"

"Miguu gani?"

"Si kila siku alikuwa anatuambia! 'Mwenye nyumba nimemwacha amelala, miguu nje ya shuka kama kawaida yake. Nimemfunika, sasa nimekuja kuwaamsha nyinyi.' Asipokutaja, tunajua mmegombana."

Mjane akaitazama miguu yake.

"Kumbe ni yeye?" akasema kwa sauti ndogo. "Miaka yote mimi najisifu kwa ndugu zangu kwamba nalala bila kujifunua!"

Hapo machozi yakatoka. Yakatoka yote. Mama mkwe akamshika, wakalia pamoja, wakicheka katikati, mpaka chai niliyowaletea ikapoa. Halafu mjane akawa anaomba, "Nisimulie nyingine," na mama mkwe anamsimulia, tena kwa sauti ya Amkeni.

Siku ya mazishi gari la wafiwa lilikuja kumchukua mama mkwe. Akakaa mbele, ubavuni kwa mjane. Shemeji mmoja wa marehemu akauliza huyu ni nani.

Mjane akajibu bila hata kugeuka: "Mke mwenzangu wa alfajiri."

Ndugu zangu, mtu akimlilia mtu maarufu, usikimbilie kumwuliza, "Kwani unamjua?" Mwulize marehemu alikuwa anamwambia nini. Huenda ameshika kitu ambacho hata wenye msiba wanakitafuta.

Ila kama una picha yake, tafadhali, andika maelezo yaliyokamilika.