Kiti cha Pili

Fidel alikuwa hajawahi kupanda ngazi za jengo lile la River Road kabla ya siku hiyo. Alipofika kwenye chumba cha michezo ya kompyuta, alipewa kiti akakikataa. Jioni zake zote, baada ya kazi ya ofisi kule Kilimani, zilikuwa zimeishia kwenye kuunda mchezo wake wa ndege ya kivita, wenye kila swichi ya ndege halisi. Waithera, mwenye chumba, alikuwa amekubali kuujaribu kwa wateja. Wakiuchoka, anaufuta.

Isaiah, mteja wa kwanza, alibonyeza na kubonyeza. Injini ikakataa kuwaka.

"Buda, hii ni ndege ama ni mtihani?"

Watu wakacheka. Fidel akazunguka nyuma yake akiuma kucha. Akiondoa swichi, ndege inakuwa ya watoto. Akiziacha, hakuna atakayeruka.

"Mbona umempa dereva kazi ya makanga?" Waithera akauliza. Akavuta stuli kando ya Isaiah, akachukua kibodi. "Wewe shika usukani. Mimi nawasha, halafu nachunga nyuma."

Injini ikanguruma. Ndege ikapaa.

"Adui kushoto! Kata!" Waithera akagonga meza kwa kiganja, kama makanga wa matatu anavyogonga bodi ya gari akimwelekeza dereva. Wateja wakasogea, kila mmoja akidai zamu ya umakanga.

"Fidel, si ukae uone tukitua?" Waithera akauliza.

Lakini Fidel alishafika mlangoni, kichwani akijenga kiti cha pili ndani ya ndege, cha makanga.

"Mathe, usiufute mchezo!" akamwita Waithera kutoka kwenye ngazi.

"Nani afute? Isaiah, nyuma yako!"