Upande wa Pili wa Santuri

Fundi Nuna alikuwa anavalisha makochi, na mtaa mzima ulikubaliana juu ya mambo mawili: kazi yake hailegei, na yeye mwenyewe hazoeleki. Mteja akiuliza kochi lake litakuwa tayari lini, aliambiwa, "Likiwa tayari." Akisema asante, aliangaliwa kama mtu aliyetukana. Jina la Nuna alipewa na watoto wa mtaani, na mkewe akalithibitisha.

Kabla ya makochi alikuwa mpiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi. Bendi ilirekodi nyimbo kumi na mbili palepale ukumbini, watu wakicheza, zote za mtindo wa siku zile: nusu ya kwanza mwimbaji anabembeleza, analalamika, analia na mapenzi, nusu ya pili mwimbaji ananyamaza, magitaa yanachemka mpaka watu wanavua makoti. Santuri ndogo za wakati ule hazikuweza kubeba wimbo mzima upande mmoja. Sauti ikakaa upande wa kwanza, gitaa likakaa upande wa pili. Ulikuwa utaratibu mzuri, isipokuwa watangazaji wa redio hawakuwa na desturi ya kugeuza santuri. Upande wa kwanza ukiisha, walisoma matangazo ya vifo.

Hivyo ndivyo nchi nzima ilivyoijua sauti ya Chiriku, yule mwimbaji, na gitaa lisijulikane na mtu. Chiriku alipigwa picha, Chiriku alialikwa, na mpaka leo Chiriku huombwa aimbe kwenye harusi za watu asiowajua, naye hajawahi kukataa. Fundi alibaki nyuma ya santuri. Juu ya hayo, kwa sababu ambazo ujana peke yake ndio unaozielewa, alimwoa dada yake Chiriku. Watu wengine humkwepa adui. Yeye alimfanya shemeji.

Sasa alikuwa amefikia umri wa kutafuta miwani ili aone tundu la sindano, na alitaka kitu kimoja tu duniani: lile gitaa lisikike, kabla masikio yanayolielewa hayajaisha yote. Binti yake, aliyefanya kazi kwenye duka la kutoa kopi, alikuwa amekwisha kuziingiza santuri zote kwenye kompyuta, pande zote mbili. Kilichobaki ni mahali pa kuziweka, mtu yeyote popote afungue simu na asikilize. Yaani tovuti, tena ya bei ya fundi makochi.

Walianza kwa mtaalamu. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, na ilikuwa na kochi la wageni. Fundi hakukaa. Alilibonyeza kwa dole gumba.

"Sponji imeshakufa hii," alisema. "Haya, zungumza."

Mtaalamu alizungumza. Jina la tovuti linalipiwa kila mwaka. Nafasi ya kuhifadhi muziki inalipiwa kila mwezi, kwa sababu muziki ni mzito kuliko maandishi. Kuitengeneza kunalipiwa leo.

Fundi alikuwa na tabia ya kubadilisha bei zote ziwe makochi, maana hakuamini kipimo kingine. "Hiyo ni seti nzima na stuli zake," alisema. "Halafu kila mwaka nikuletee kochi la mtu mmoja. Mpaka lini?"

"Mpaka utakapoamua kuacha, mzee wangu."

"Nikiacha?"

"Inafungwa."

"Nikifa je?"

Mtaalamu alitazama kompyuta yake, ambayo haikumsaidia. "Hapo pia itakuwa umeacha kulipa, mzee."

"Nimekuja kwa fundi, kumbe nimekuja kwa mwenye nyumba," Fundi alimwambia binti yake huku wanashuka ngazi, kwa sauti iliyopanda kurudi juu bila taabu.

Binti alikuwa na subira, aliyoirithi kwa mama. Akamwonyesha ule ukumbi mkubwa wa mtandaoni ambao kila mtu huweka video zake bure. Wakafungua wimbo wa bendi nyingine ya zamani ili aone inavyokuwa. Gitaa lilipoanza kupanda, muziki ukakatika, akatokea mwanamke anayecheka akiwa ameshika chupa ya dawa ya minyoo.

"Ndiyo bei yenyewe, baba. Ni bure, lakini matangazo yanapita."

"Miaka yote hii nimekatizwa na vifo, sasa nikatizwe na minyoo?"

Njia ya tatu ililetwa mezani na mkewe, pamoja na chakula cha mchana. Mwanamke huyu alikuwa ameishi kati ya kaka na mume kwa muda mrefu kiasi kwamba alizungumza kama tarishi, bila kuongeza chumvi wala kupunguza.

"Kaka amesikia unahangaika. Anasema atamlipa yule mtaalamu yeye, gharama zote. Ila tovuti iitwe kwa jina lake, na picha yake ikae mbele."

"Na mimi nikae wapi?"

"Anasema utatajwa."

"Nitatajwa!" Fundi aliweka kijiko chini. "Mwambie kaka yako wanaotajwa ni marehemu. Mimi bado nakula."

"Nitamwambia. Kula basi."

Hatimaye binti akapata mtandao wa bure usio na matangazo, uliotengenezwa na watu fulani wapenda muziki. Sharti lake lilikuwa moja: kila mtu, kwa namba yake ya simu, anaruhusiwa kuweka rekodi kumi na mbili tu. Ukitaka zaidi, ulipe. Na wao walikuwa na santuri kumi na mbili, kila moja pande mbili.

"Tuweke nyimbo sita, nzima nzima," binti akasema.

"Hizo sita nyingine zimekosa nini?"

"Namba yangu nimeshaijaza kwa nyimbo za kwaya. Basi tufungue ukurasa mwingine kwa namba ya mama."

Mama aliwasikia kutoka chumbani. "Namba yangu haiweki sauti ya kaka yangu mahali popote bila yeye kukubali. Mwende mkamwombe."

Neno lile la mwisho lilimaliza mjadala. Fundi alikuwa tayari kuvalisha kochi kwa meno kuliko kumwomba Chiriku. Akafikiri kidogo. Kisha akatabasamu, jambo ambalo binti alikiri baadaye kwamba lilimtisha.

"Weka upande wa pili," alisema. "Zote kumi na mbili. Gitaa tupu."

"Baba, wimbo utaanzia katikati."

"Mimi miaka yote umeniishia katikati. Ulisikia nimeshtaki?"

Ukurasa ukafunguliwa. Haukumgharimu hata msumari mmoja wa kochi, na kwa siku kadhaa Fundi aliwajibu wateja kwa sentensi kamili.

Kosa lake lilikuwa la mtu aliyetumia maisha yake nyuma ya mwimbaji: alidhani mwimbaji alikuwa amesimama tu mbele yake, anamziba. Hakujua kwamba Chiriku ndiye aliyekuwa mlango. Watu waliotafuta nyimbo zile mtandaoni walizitafuta kwa maneno waliyoyakumbuka, na maneno yote yalikuwa upande wa kwanza. Ukurasa wa Fundi haukuwa na neno hata moja la kukumbukwa. Ukipata mgeni, anakutana na gitaa linalochemka kama sufuria iliyoachwa jikoni na mtu asiyemjua, anafunga, anakwenda zake. Hesabu ya wasikilizaji ilionyesha watatu. Wa kwanza alikuwa binti. Wa pili alikuwa mkewe, ambaye alikana. Wa tatu alifika karakana mwenyewe kwa miguu, amevaa suti, amefura.

"Umenikata!" Chiriku alisema kabla hajavuka kizingiti. "Nyimbo kumi na mbili, sauti yangu haimo hata kwenye moja! Hata kikohozi!"

"Karibu, shemeji. Usikalie hilo, lina gundi."

"Watu watadhani bendi ilikuwa ya mabubu!"

"Redio ilinikata mimi miaka yote. Sikukuona ukija kulia na mimi."

"Redio ilicheza kilichopendwa."

"Redio ilikuwa na mvivu asiyegeuza santuri. Na wewe ulijua. Ulikuwa unawapelekea santuri kwa mkono wako, ungeshindwa kusema, 'Geuza'?"

Chiriku alikung'uta suti yake vumbi la sponji. Akatoa simu mfukoni. "Mimi nimefungua moja tu, nikajitafuta, nikafunga. Hebu tusikilize hicho ulichoona kinanishinda mimi."

Wakasikiliza. Hapa lazima ielezwe kwamba kwenye ukumbi wa dansi, nusu ya pili ikianza, Chiriku alikuwa na desturi ya kushuka jukwaani, kujifuta jasho kwa leso ya mtu mwingine, na kucheza na wake za watu. Kati ya wanabendi wote, ndiye pekee ambaye hakuwahi kuusikiliza wimbo wake mpaka ukaisha. Alisimama katikati ya sponji na vitambaa, simu mkononi, akasikiliza mpaka mwisho. Akafungua mwingine. Fundi aliendelea kupigilia misumari, lakini nyundo ilikuwa imepungua nguvu.

"Hapa umechelewa kuingia," Chiriku alisema mwishowe.

"Nilikuwa nangoja ushuke."

"Na hapa kelele zimezidi."

"Hapo walikuwa wanashangilia. Ulikuwa hujazoea kuzisikia zikiwa za mtu mwingine."

Chiriku akaondoka bila kuaga. Siku ileile, kwa namba yake mwenyewe, alifungua ukurasa kwenye mtandao uleule wa bure, kwa rekodi ambazo binti alimpa kwa sababu mjomba ni mjomba. Akaweka pande za kwanza kumi na mbili, na picha yake ya ujana, meno yote nje.

Wasikilizaji wakaja kama nzi kwenye embe. Walikumbuka, walilia, waliandika. Baada ya kukumbuka na kulia wakaanza kutukana, maana upande wa kwanza wa santuri hukatika palepale gitaa linapoanza kuamka. *Mzee, mbona wimbo umekatwa? Huu ni wizi. Umalizie au uufute. Nilikuwa nimeshainuka kucheza, nimekaa tena kama mjinga.* Chiriku alivumilia matusi kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuvumilia kitu chochote. Kisha, chini ya kila wimbo, akaweka kiungo cha kubonyeza, na maneno haya: "Wenye masikio ya chuma, kelele zinaendelea hapa, kwa fundi makochi mmoja."

Watu wakabonyeza. Kitu kikitajwa kwa matusi huvutia kuliko kilichosifiwa. Fundi alisomewa maneno yale na binti, akaagiza jibu liandikwe juu ya ukurasa wake: "Mliotoka kule kwenye vilio, poleni na msiba. Muziki unaanzia hapa."

Mkewe alipima jambo lote kwa utulivu wake. "Mngepatana," aliwaambia wawili hao kwa simu mbili tofauti, "mngekuwa na ukurasa mmoja, na mngekuwa mnalipa."

Wote wawili wakakata simu, na hakuna aliyepatana.

Asubuhi moja alifika mpakiaji mizigo kuchukua kochi la mteja. Hakuwa mtu wa zamani. Baba yake mwenyewe huenda alikuwa hajazaliwa bendi ilipovunjika. Alilinyanyua kochi, akaliweka kichwani, akaanza kutoka huku anapiga mluzi. Haukuwa mluzi wa maneno ya mwimbaji. Ulikuwa upande wa pili wa santuri ya nne, solo yote, tangu gitaa linapoingia.

Fundi aliweka mkasi chini.

"Wewe. Simama hapo."

"Naam, mzee? Nimegonga mlango?"

"Unapotea. Hapo kwenye kona inashuka, haipandi. Rudia."

Mpakiaji alimtazama kutoka chini ya kochi, akafikiri juu ya malipo yake, akarudia.

"Hovyo," alisema Fundi, akasogea karibu. "Tena. Na usikimbie."